Jinsi ya kukitafutia kituo cha sekondari ya njia mbadala majengo, vifaa na uungwaji mkono wa wananchi

Nchini Tanzania, mtu aliyekatiza masomo ya sekondari, au ambaye hakuchaguliwa kuingia kidato cha kwanza baada ya kumaliza darasa la saba, anaweza kusoma sekondari kwa njia mbadala inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Masomo ya kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja na kufuatiwa na Mtihani wa Maarifa, ambao mitaani unajulikana zaidi kwa jina la QT. Masomo ya kidato cha tatu na cha nne huchukua mwaka mwingine, kisha mwanafunzi hufanya Mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mpango huu ni mzuri, na waliopata cheti kupitia kwake ni wengi. Hata hivyo, vituo vingi havina jengo lao wenyewe: husubiri wanafunzi wa kutwa waondoke, kisha hutumia madarasa ya shule mwenyeji kuanzia saa 9:00 alasiri hadi giza linapoingia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa vituo, wajumbe wa kamati na wananchi wanaotaka hali hiyo ibadilike. Katika vituo vingi, uhaba hauanzii kwenye ubahili wa wananchi wala ugumu wa viongozi. Unaanzia kwenye karatasi, kwa kuwa kituo hakimo katika takwimu, hakina kiwanja kilichoandikwa kwa jina lake, na hakina mstari katika bajeti ya halmashauri, kwa hiyo kila mwaka kinarudi kuomba kama mgeni. Kazi kubwa ya kamati ni kukiingiza kituo katika karatasi hizo, na mengine yote yanafuata hapo.

Hesabu kabla ya ombi

Kamati nyingi huanza kwa kuandika barua ya kuomba "majengo". Barua ya namna hiyo hupokelewa vizuri, hugongwa muhuri, na kuwekwa kwenye faili, kwa sababu haimpi ofisa anayeisoma jambo la kufanya kesho asubuhi. Kabla ya barua kuandikwa, kamati itumie muhula mmoja kukusanya taarifa za kituo, na chombo kinachohitajika ni daftari la mahudhurio lililoongezwa safu moja ya kueleza sababu ya kutohudhuria. Mwezeshaji anapoita majina, aandike kwa neno moja au mawili kwa nini mwanafunzi hakufika jana: mtoto anaumwa, zamu kazini, mvua, nauli, giza. Baada ya miezi mitatu safu hiyo itaeleza mahitaji ya kituo kuliko hotuba yoyote.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi majibu hayalingani na yale ambayo kamati ilikuwa imejiandaa kuyaomba. Ikionekana kwamba wanawake wanaanza kupungua darasani kila inapokaribia saa 12:00 jioni, kinachohitajika kwanza ni taa, ratiba inayoanza mapema zaidi na utaratibu wa kurudi nyumbani kwa makundi, na chumba kipya cha darasa hakitawarudisha. Ikionekana kwamba sababu inayojirudia ni mtoto mchanga asiye na wa kumwangalia, chumba kidogo chenye mkeka, maji safi na mlezi mmoja anayeaminika kitaleta faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko maabara. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinavyoendesha mpango wa Elimu Haina Mwisho vililiona jambo hili mapema, na ndiyo maana viliweka malezi ya watoto chuoni ili mama zao wasome sekondari pamoja na ufundi. Kamati inayotaka kuanzisha huduma hiyo iwasiliane na Afisa Ustawi wa Jamii tangu mwanzo, kwa sababu vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vina masharti yake ya usajili.

Mbali na mahudhurio, taarifa zinazohitajika ni idadi ya wanafunzi kwa jinsi na umri, umbali wanaotoka, kazi wanazofanya, walio na ulemavu, walio na watoto chini ya miaka mitano, na idadi ya walioanza ikilinganishwa na waliofika chumba cha mtihani. Takwimu hii ya mwisho huwa inauma, na baadhi ya wakuu wa vituo huificha. Kuificha ni kujinyima hoja, kwa sababu idadi ya walioacha katikati, ikiwekwa sambamba na sababu zilizoandikwa daftarini, ndiyo inayoonyesha gharama halisi ya kukosa taa, choo au chumba.

Taarifa zikishakamilika, zigeuzwe kuwa mahitaji kwa kutumia viwango ambavyo Serikali yenyewe inavitambua. Chumba cha darasa la sekondari hupangiwa wanafunzi 40. Mwongozo wa taifa wa maji, vyoo na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba cha stara, yaani cha faragha kwa wasichana walio katika hedhi. Kwa mfano, kituo chenye wanafunzi 90, wanawake 60 na wanaume 30, kinahitaji vyumba vitatu vya madarasa, matundu matatu kwa wanawake na mawili kwa wanaume, na chumba cha stara chenye maji. Ombi likiandikwa hivyo, mhandisi wa halmashauri analiwekea makadirio bila kuuliza maswali, na diwani analitetea kwenye kikao bila kubabaika.

Makubaliano na shule mwenyeji

Kujenga huchukua muda, na wanafunzi wa mwaka huu hawawezi kusubiri. Kwa hiyo, wakati ombi la majengo likiendelea, kamati itengeneze uhusiano wake na shule mwenyeji kwa maandishi. Vituo vingi vinaishi kwa hisani ya mkuu wa shule mmoja, na siku akihamishwa, anayekuja hana habari, na kituo kinajikuta nje ya geti.

Magomvi kati ya kituo na shule mwenyeji huanza na mambo madogo sana. Asubuhi mwalimu wa zamu anakuta kiti kimevunjika mguu, ubao haukufutwa, na umeme wa LUKU uliowekwa Jumatatu umeisha Jumatano. Hakuna anayejua ni nani aliyefanya nini, na aliye mgeni ndiye anayelaumiwa. Dawa yake ni daftari la makabidhiano linalokaa mahali pamoja na funguo. Jioni mwezeshaji anapopokea chumba huandika idadi ya viti na meza, hali ya madirisha na ubao, na namba inayoonekana kwenye mita. Usiku anapofunga huandika tena, na kutia saini. Umeme uliotumika kati ya namba hizo mbili hulipwa na kituo. Fedha zinazohusika si nyingi, lakini kitendo cha kulipa hubadilisha kabisa namna ambavyo walimu wa shule mwenyeji wanakitazama kituo.

Makubaliano yaeleze pia matumizi ya maabara na maktaba, jambo ambalo huachwa kwa sababu kila upande unaona aibu kulianzisha. Mara nyingi ufunguo wa maabara huwa kwa mwalimu mmoja ambaye saa 9:00 alasiri ameshaondoka. Njia inayofanya kazi ni kukubaliana siku moja au mbili kwa wiki, mwalimu wa maabara akilipwa posho ndogo kwa saa za ziada, na kemikali zinazotumika zikinunuliwa na kituo. Nakala ya makubaliano ipelekwe kwa bodi ya shule na kwa Afisa Elimu Kata, ili yasife mkuu wa shule anapohama.

Pale ambapo kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi karibu, kamati ikitembelee kabla ya kufikiria kuchimba msingi. Vyuo hivi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, viko 54 na baadhi vina mabweni, karakana na mashamba.

Safari ya ombi hadi kwenye bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na Bunge la Bajeti huanza vikao vyake Aprili. Kufikia wakati huo makadirio ya halmashauri yameshafungwa kwa miezi. Ombi linalopelekwa kwa mkurugenzi mwezi Machi limechelewa kwa mwaka mzima, hata liwe zuri kiasi gani. Kamati ipange hesabu zake kurudi nyuma: hoja iwe imepita katika mkutano wa kijiji au mtaa kufikia Septemba au Oktoba, ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla maandalizi ya bajeti hayajashika kasi, kisha ifuatiliwe inapoingia kwenye kamati za halmashauri na hatimaye kwenye Baraza la Madiwani.

Mkutano mkuu wa kijiji ndio mlango wa kweli, ingawa wengi huuruka wakidhani kwamba kumwona mkurugenzi ana kwa ana ni njia ya mkato. Mradi unaotoka kwenye mkutano mkuu unakuja na muhtasari wenye tarehe, ajenda na mahudhurio, na huo muhtasari ndio unaomlinda ofisa atakapoulizwa kwa nini aliweka fedha pale. Kamati izungumze mapema na mwenyekiti wa kijiji na Afisa Mtendaji ili suala liwe ajenda inayojitegemea, lisisukumwe kwenye "mengineyo", ambako watu wameshaanza kusimama na kukung'uta vumbi. Muhtasari utaje mahitaji kwa idadi, utaje kiwanja, na utaje wananchi wamekubali kuchangia nini.

Kuhusu kiwanja, kituo kinachotaka jengo lake kihakikishe kwamba ardhi imetolewa kwa utaratibu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ahadi ya mzee mwenye shamba kubwa, hata akiitoa mbele ya mashahidi, haitoshi. Wapo waliojenga hadi madirishani wakaja kusimamishwa na warithi. Ikiwa jengo litakuwa ndani ya eneo la shule mwenyeji, bodi ya shule iandike kwamba litatumika na kituo kwa saa zipi, vinginevyo likikamilika litageuka kuwa darasa la kutwa na kituo kitabaki kilipokuwa.

Kisha kuna suala la nguvu za wananchi. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kuanzisha boma, yaani kuchimba msingi, kuleta mawe, mchanga na tofali, na kupandisha kuta hadi kwenye renta, kisha halmashauri kumalizia kwa kupaua, kupiga lipu, kuweka sakafu, milango na samani. Ninashauri kamati itumie utaratibu huu kwa tahadhari. Nchi imejaa maboma yaliyoota nyasi kwa sababu wananchi walianza bila barua ya halmashauri inayoahidi kumalizia, na mvua za misimu miwili zilitosha kuyalaza. Kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, kamati iwe na mambo mawili mkononi: ramani na makadirio yaliyoidhinishwa na mhandisi wa halmashauri, na muhtasari wa kikao unaoonyesha mradi umepokelewa. Ramani isiyo ya mhandisi inaweza kufanya jengo zima likataliwe wakati wa kumalizia.

Ili wananchi wajue ukubwa wa kazi, wapewe kipimo wanachokikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20 pamoja na viti na meza. Bei za saruji na mabati zimebadilika tangu hapo, lakini kipimo hicho kinatosha kumwonyesha mtu kwamba vyumba vitatu ni mradi wa makumi ya mamilioni, na kwamba bakuli la michango kwenye harusi halitavikamilisha. Madarasa yale yalijengwa kwa utaratibu ambao mafundi na wenyeviti wa vijiji wanauita fosi akaunti, ambapo kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa husimamia kazi na mafundi wa eneo hilo hilo ndio wanaoifanya. Kituo kiombe wawakilishi wake wawemo katika kamati hizo tangu zinapoundwa, hasa ile ya mapokezi, inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa.

Halmashauri ina vyanzo zaidi ya kimoja. Upo mgawo wa mapato ya ndani unaopaswa kwenda kwenye miradi ya maendeleo. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge, na ambao unafaa zaidi kwa mahitaji ya katikati kama vile kumalizia paa, kuvuta maji au kununua viti. Katika maeneo ya migodi, sheria inawataka wenye leseni kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na elimu huwa miongoni mwa vipaumbele. Wafadhili wa nje nao wapo, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 500 na Benki ya Dunia mwaka 2020 ulijumuisha njia mbadala. Lakini kamati ya kituo kimoja haina sababu ya kuwaandikia watu wa mbali kabla ya kumaliza yaliyo karibu.

Kuhusu michango ya wananchi, iwe ya hiari, ipitishwe kwa idhini ya mamlaka za wilaya, na isishikwe na mwezeshaji wala mkuu wa kituo. Fedha ziingie kwenye akaunti inayotambuliwa na halmashauri kwa namba ya malipo, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kituo na za ofisi ya kijiji kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wananchi wamekuwa na haki ya kuuliza kwa nini wanachangishwa, na kituo kijibu bila hasira.

Kuwashawishi wananchi

Upinzani ambao kamati itakutana nao hausemwi sana mkutanini. Unasemwa sokoni na kwenye vijiwe. Wengine wanasema kwamba hawa walishapewa nafasi wakaichezea. Wengine wanaamini kwamba kituo ni mahali pa kuwaficha wasichana waliopata ujauzito, na katika hili wana kumbukumbu yao. Kwa miaka mingi wasichana hao walifukuzwa shule, na mwaka 2017 msimamo huo ulitangazwa hadharani na uongozi wa juu wa nchi, wakati njia mbadala ikitajwa kama mahali pekee wanapoweza kwenda. Novemba 2021 Serikali ilibadilisha msimamo, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea katika shule za kawaida. Kamati ieleze hivyo waziwazi: msichana ana haki ya kurudi shuleni kwake, na kituo ni chaguo kwa yule ambaye umri, malezi au kazi haimruhusu kukaa darasani kuanzia asubuhi.

Hoja ya "kuichezea nafasi" hujibiwa vizuri zaidi na orodha ya wanafunzi wenyewe, bila majina. Ndani yake atapatikana aliyeishia darasa la saba kwa sababu hakuchaguliwa, aliyetoka kidato cha pili ili kumuuguza mzazi, na dereva mwenye leseni na uzoefu wa miaka ambaye hawezi kuajiriwa serikalini kwa kuwa muundo wa utumishi unamtaka awe na cheti cha kidato cha nne. Mfano wa dereva huwagusa watu kuliko ninavyoweza kueleza, labda kwa sababu kila ukoo unaye mmoja. Ongezeni pia kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, na kwamba elimu ikishaitwa ya lazima, aliyeikosa anayo hoja ya kudai mahali pa kuimalizia.

Kamati ijizuie kuuza huzuni. Picha ya msichana akiwa na mtoto mgongoni mbele ya ubao huchangisha fedha haraka, na humfuata msichana yule sokoni, kanisani au msikitini, na siku ya posa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, lakini hata mwenye ridhaa hajui picha itafika wapi. Kama anatakiwa mtu wa kuzungumza, azungumze aliyemaliza, aliyeamua mwenyewe, na aeleze masomo yake na kazi anayoifanya sasa. Siku ya mahafali inafaa sana kwa jambo hili, na mgeni rasmi anayefaa ni yule mwenye kura kwenye kikao cha bajeti. Apitishwe kwenye vyumba jioni, taa zikiwa zilivyo, na aketi kwenye kiti anachokalia mwanafunzi.

Viongozi wa dini, wenyeviti wa vikoba na redio za jamii wapewe taarifa fupi ya ukurasa mmoja, yenye idadi ya wanafunzi, mahitaji matatu na mahali ombi lilipofikia. Taarifa hiyo isasishwe kila robo mwaka.

Baada ya fedha kupitishwa

Kuidhinishiwa kwenye bajeti si sawa na kupokea. Makusanyo ya halmashauri yakipungua, miradi isiyo na mtu wa kuiulizia ndiyo hukatwa kwanza. Mkuu wa kituo amwombe diwani nakala ya ukurasa wa bajeti wenye mradi wao, kisha ailinganishe na taarifa ya utekelezaji inayowasilishwa katika Baraza la Madiwani kila robo. Ikiwa robo ya pili imekwisha Desemba na mstari wao bado unaonyesha sifuri, barua ya kuulizia iende Januari, ikiambatana na muhtasari wa mkutano mkuu na makadirio ya mhandisi. Kufikia Aprili, barua ieleze pia kwamba kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zimeshaundwa na kiwanja kimesafishwa, kwa kuwa halmashauri huhofia kutoa fedha zitakazokuwa hazijatumika Juni 30 inapofika, na mradi ulio tayari kuanza hupewa nafasi mbele ya ule ambao bado unatafuta mafundi.